Richard Chelimo: Dhahabu ya usiku mmoja, rekodi ya siku tano

MNAMO Agosti 8, 2001, mjini Edmonton, Canada, Charles Kamathi alimpokonya Mwethiopia Haile Gebrselassie taji la dunia la mbio za mita 10,000, na Wakenya wakashangilia kurejea kwa ubingwa ambao hawakuwa wameuonja kwa miaka 10. Wiki moja tu baadaye, shangwe hizo zikiwa bado hazijatulia, habari za tanzia zilitoka Eldoret. Richard Chelimo, aliyeupigania ubingwa huo huo akiwa kijana wa miaka 19 na kuukosa kwa chini ya sekunde moja, alikuwa ameaga dunia Agosti 15 kutokana na uvimbe wa ubongo. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Huo ni umri ambao wakimbiaji wengi wa masafa marefu huwa bado wanavuna. Kwa Chelimo, mavuno yalikuwa yamekwisha kitambo. Alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi akiwa na miaka 18, akapata medali ya fedha ya dunia miongoni mwa wakubwa akiwa na miaka 19, fedha ya Olimpiki akiwa na miaka 20, na akaivunja rekodi ya dunia akiwa na miaka 21. Mwaka huo huo wa rekodi, 1993, ndio uliompa medali yake ya mwisho katika mashindano makuu. Safari ambayo wenzake huitembea kwa miaka 10 au 15, yeye aliitimka kwa mitatu.

Ndiyo maana maisha yake, mafupi kama yalivyokuwa, yangali yanastahili kusomwa na kila anayemlea mkimbiaji chipukizi, awe mzazi, mwalimu, kocha au wakala. Yanaonyesha kwa uwazi mambo yanayompandisha kijana hadi kilele cha wakubwa, na yanaonyesha pia kwamba kufika huko ni jambo moja na kudumu huko ni jambo jingine kabisa.

Nyanda za juu na uwanja wa shule

Chelimo alizaliwa Aprili 21, 1972, Chesubet, katika nchi ya Wamarakwet, ambayo leo ni sehemu ya kaunti ya Elgeyo-Marakwet. Ni nchi iliyogawanyika wima: chini kuna joto la bonde la Kerio, na juu kuna baridi ya safu za Cherangany. Makazi mengi ya nyanda za juu yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko wa aina hiyo hewa huwa na oksijeni haba, na mwili wa mtoto anayekulia huko hujizoeza kuitumia kwa uangalifu. Damu huongeza chembechembe nyekundu zinazobeba oksijeni, na mapafu na moyo hufanya kazi ya ziada hata mtoto anapotembea tu kwenda kisimani.

Hata hivyo, mwinuko peke yake haumwumbi bingwa. Maelfu ya watoto walizaliwa juu ya miinuko ile ile mwaka ule ule, wakanywa maziwa yale yale na kupanda milima ile ile, lakini hawakufika Barcelona. Jambo la pili lililohitajika ni ngazi ya kupandia, na katika Kenya ya miaka ya 1980 ngazi hiyo ilikuwa shule. Mashindano ya shule yalianzia katika viwanja vya nyasi vya mitaani, yakapanda hadi wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Kijana wa Mautuma, pale Lugari ambako Kakamega inapakana na Uasin Gishu, aliipanda ngazi hiyo kupitia mkoa wa Magharibi. Kijana wa Marakwet aliipanda kupitia Bonde la Ufa, mkoa uliokuwa na msongamano mkubwa zaidi wa vipaji nchini. Pale, kushinda mashindano ya mkoa tu kulikuwa kazi ngumu kuliko kushinda ubingwa wa taifa katika nchi nyingi.

Si mbali na kwao Chelimo, katika mji wa Iten, shule ya upili ya St Patrick's ilikuwa imekwisha kuonyesha thamani ya mwalimu anayejua kusubiri. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika hapo mwaka 1976, na katika mikono yake walipita vijana kama Peter Rono, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Mafanikio ya Iten yaliwafanya vijana wa nyanda zote za jirani waamini kwamba safari ya kutoka uwanja wa shule hadi jukwaa la dunia ilikuwa ya hatua chache.

Ukoo wa watimkaji

Chelimo alikuwa na jambo la tatu, ambalo wengi hawana: jamaa wa karibu waliokimbia. Moses Kiptanui, aliyezaliwa mwaka 1970, alikuwa binamu yake. Ismael Kirui, aliyezaliwa mwaka 1975, alikuwa ndugu yake mdogo. Ni nadra sana katika historia ya riadha kupata ukoo mmoja uliotoa, katika kipindi cha miaka michache, wanaume watatu wa kiwango hicho.

Kiptanui alikuja kutwaa ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mara tatu mfululizo, mwaka 1991, 1993 na 1995, na mwezi Agosti 1995 mjini Zurich akawa binadamu wa kwanza kuzimaliza mbio hizo chini ya dakika nane. Kirui naye alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1993 na 1995.

Faida ya ukoo wa namna hiyo haiko katika damu peke yake. Mvulana anayemwona binamu yake akirudi kutoka Ulaya na medali huacha kuiona medali kama kitu cha watu wa mbali. Hupata mtu wa kumfuata asubuhi yenye ukungu, mtu wa kumweleza jinsi ya kupanda ndege, jinsi ya kula ugenini na jinsi ya kumjua mpinzani hatari kwenye mstari wa kuanzia. Mafunzo ambayo kijana mwingine angeyapata kwa miaka mitano ya makosa, Chelimo aliyapata jikoni kwao.

Lakini ukoo kama huo una uzito wake pia. Kila mmoja hupimwa kwa kipimo cha mwenzake, na pumziko huonekana kama uvivu. Hilo ni jambo la kukumbukwa, kwa sababu kasi ambayo vijana hawa watatu waliingia nayo duniani ilikuwa ya kutisha.

Kutoka Plovdiv hadi Tokyo

Mashindano ya dunia ya chipukizi, kwa vijana wasiozidi umri wa miaka 19, yalianza mwaka 1986 mjini Athens, Ugiriki. Tangu siku ya kwanza Wakenya walitamba. Katika mashindano hayo ya kwanza Peter Chumba alishinda mita 5,000 na pia mita 10,000, na Wilfred Kirochi akamshinda Peter Rono katika mita 1,500. Matokeo ya baadaye ya vijana hao watatu yalipaswa kuwa onyo la mapema. Rono, aliyekuwa wa pili, ndiye aliyekuja kuwa bingwa wa Olimpiki. Kirochi alipata fedha ya dunia mwaka 1991. Chumba, aliyekuwa na dhahabu mbili, hakupata medali yoyote katika mashindano makuu ya wakubwa.

Chelimo alipata zamu yake mwaka 1990 mjini Plovdiv, Bulgaria. Aliingia mita 10,000, mizunguko 25, akatoka na dhahabu. Kwa vijana wengi, taji kama hilo huwa mwanzo wa kipindi kigumu. Mwaka unaofuata chipukizi hupoteza nafasi ya kushindana na wa rika lake na hutupwa miongoni mwa wanaume wenye miaka 25 au 30, waliokomaa mifupa na akili. Wengi hupotelea hapo.

Chelimo hakupotea. Juni 25, 1991, katika uwanja mdogo wa Hengelo, Uholanzi, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 11.18. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia ya chipukizi. Ili kuelewa uzito wake, yafaa kukumbuka kwamba rekodi ya dunia ya wakubwa, iliyowekwa na Arturo Barrios wa Mexico mjini Berlin mwaka 1989, ilikuwa dakika 27 na sekunde 08.23. Mvulana wa miaka 19 alikuwa amebakisha chini ya sekunde tatu kuifikia, akizunguka uwanja kwa wastani wa sekunde 65 na robo kila mzunguko, mara 25. Rekodi hiyo ya chipukizi ilidumu kwa zaidi ya miaka 10, hadi ulipokuja wakati wa Boniface Kiprop wa Uganda na Mkenya Samuel Wanjiru.

Miezi miwili baadaye alikuwa Tokyo kwa mashindano ya dunia ya wakubwa. Hakuja kujifunza. Katika fainali ya Agosti 26, yeye na Mkenya mwenzake Moses Tanui waliwavunja nguvu wapinzani kwa kasi kali ya mapema, hata bingwa wa dunia wa mbio za nyika, Khalid Skah wa Morocco, akaachwa nyuma akitafuta njia ya kurudi. Mwishoni Tanui, aliyekuwa ametimiza miaka 26 siku chache zilizotangulia, alimpita Chelimo na kushinda kwa dakika 27 na sekunde 38.74. Chelimo alikuwa wa pili kwa tofauti ya sekunde 0.67. Skah alifika wa tatu.

Usiku wa Barcelona

Mwaka uliofuata ulikuwa wa Olimpiki, na ugumu wa kuiwakilisha Kenya ulidhihirika ndani ya ukoo huo huo. Kiptanui, bingwa wa dunia, alishindwa kufuzu katika majaribio ya kitaifa na kubaki nyumbani. Mwezi Agosti, baada ya Michezo kumalizika, alivunja rekodi mbili za dunia katika muda wa siku tatu, ya mita 3,000 mjini Cologne na ya kuruka viunzi na maji mjini Zurich. Chelimo alifuzu. Alifika Barcelona akiwa na miaka 20 na akihesabiwa miongoni mwa waliotarajiwa kuirudishia Kenya dhahabu ambayo Naftali Temu aliileta kutoka Mexico City mwaka 1968, dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa nchi hii.

Fainali ilifanyika Agosti 3, 1992, katika uwanja wa Montjuïc. Baada ya wengine wote kuachwa, walibaki wawili mbele: Chelimo na Skah. Kisha, mizunguko ya mwisho ilipokaribia, walimfikia Mmorocco mwingine, Hammou Boutayeb, aliyekuwa nyuma yao kwa mzunguko mzima. Kanuni na adabu ya uwanja humtaka mkimbiaji wa namna hiyo awapishe wanaopigania ushindi. Boutayeb hakupisha. Alijiunga nao, akawa mara anatangulia, mara anabaki karibu nao, na kuivuruga kasi ya Chelimo, ambaye tegemeo lake lilikuwa kumchosha Skah kabla ya mita za mwisho. Watazamaji walizomea. Afisa wa riadha kutoka Uswidi, Carl-Gustav Tollemar, alifika hadi ukingoni mwa njia na kujaribu kumzuia Boutayeb kwa mikono yake, bila kufanikiwa.

Katika mzunguko wa mwisho Skah alichomoka na kushinda kwa dakika 27 na sekunde 46.70. Chelimo alifika akiwa na dakika 27 na sekunde 47.72, na Addis Abebe wa Ethiopia alifuata mbali nyuma. Muda mfupi baadaye ilitangazwa kwamba Skah ameondolewa kwa kusaidiwa na mwenzake, na kwamba Chelimo ndiye bingwa wa Olimpiki. Usiku ule Kenya ililala na dhahabu.

Haikuamka nayo. Morocco ilikata rufaa, na siku iliyofuata jopo la rufaa likamrudishia Skah ushindi wake. Boutayeb pekee ndiye aliyebaki ameadhibiwa. Medali zilipotolewa, uwanja ulimzomea mshindi na kumshangilia kijana wa Marakwet aliyesimama ngazi moja chini yake. Kwa haki ya Skah, hakuna lililothibitishwa kwamba aliupanga msaada ule, na kasi yake ya mwisho ilijulikana na kila mtu. Lakini kwa Chelimo hesabu ilikuwa chungu. Dhahabu ya dunia ilimponyoka kwa sekunde 0.67 na ya Olimpiki kwa sekunde 1.02. Kwa jumla, sekunde moja na nukta kadhaa ndizo zilizomtenga na mataji yote mawili makubwa ya mbio zake kabla hajatimiza miaka 21.

Siku tano za rekodi

Wapo vijana ambao kuvunjwa moyo kwa namna ile kungewamaliza. Chelimo alirudi mazoezini. Julai 5, 1993, mjini Stockholm, alizimaliza mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 07.91 na kuivunja rekodi ya Barrios kwa theluthi moja ya sekunde. Kijana ambaye rufaa ilimnyang'anya dhahabu alikuwa sasa na kitu ambacho hakuna jopo lingeweza kukibatilisha.

Ila wakimbiaji wenzake waliweza. Julai 10, siku tano tu baadaye, Mkenya Yobes Ondieki aliingia uwanja wa Bislett mjini Oslo na kukimbia kwa dakika 26 na sekunde 58.38, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Rekodi ya Chelimo haikuwa imeshushwa tu. Ilikuwa imeachwa nyuma kwa zaidi ya sekunde tisa.

Tofauti ya umri kati ya wawili hao inafaa kutazamwa. Ondieki, mzaliwa wa Kisii, alikuwa na miaka 32. Alipitia chuo kikuu nchini Marekani, akakomaa polepole, akapata taji lake la kwanza la dunia, la mita 5,000 mjini Tokyo, akiwa na miaka 30. Chelimo alikuwa mdogo wake kwa miaka 11. Kwa mahesabu ya kawaida, kijana huyo alikuwa na muongo mzima mbele yake wa kuirudisha rekodi.

Mwezi Agosti mwaka huo mashindano ya dunia yalifanyika Stuttgart, Ujerumani, na pale ukoo wa Chelimo ulifanya jambo lisilosahaulika. Ismael Kirui, akiwa na miaka 18, aliwakimbia wakubwa wote katika mita 5,000, akiwemo Gebrselassie, na kushinda kwa dakika 13 na sekunde 02.75, rekodi ya dunia ya chipukizi. Kiptanui alitetea taji lake la kuruka viunzi na maji. Chelimo alipata shaba katika mita 10,000. Jamaa watatu wa nyumba zilizo karibu walirudi Kenya na medali tatu kutoka mashindano yale yale.

Lakini aliyetazama kwa makini angeona ishara katika shaba ile. Gebrselassie na Tanui walipigana hadi mwisho, Tanui akimaliza na kiatu kimoja baada ya kukanyagwa kisigino, na wakapishana kwa nusu sekunde. Chelimo alifika sekunde 20 nyuma yao. Ilikuwa mara yake ya mwisho kupanda jukwaani katika Olimpiki au mashindano ya dunia. Timu ya Kenya ilipokwenda Atlanta mwaka 1996 kuitafuta tena dhahabu ya Temu, aliyebeba matumaini ya taifa katika mita 10,000 alikuwa Paul Tergat. Chelimo alikuwa na miaka 24.

Rika moja, njia mbili

Swali la kwa nini kipaji kikubwa hivyo kiliwahi kuzimika haliwezi kujibiwa kwa sababu moja, na si haki kumtwika marehemu lawama. Lakini mazingira aliyokulia kimichezo yanafahamika, na kila kijana wa wakati wake aliyakuta.

Kwanza ni mwili. Muda wa dakika 27 na sekunde 11 haupatikani bila mazoezi ya mtu mzima: kilomita nyingi kila wiki, vilima, na mizunguko ya kasi uwanjani. Mifupa na kano za kijana wa miaka 18 au 19 huwa bado zinakomaa. Shirikisho la kimataifa la riadha huwazuia chipukizi kukimbia marathoni katika mashindano yake kwa sababu hiyo hiyo.

Pili ni ratiba na fedha. Katika mashindano ya dunia ya 1991 hapakuwa na zawadi ya fedha. Mwaka 1993 mjini Stuttgart washindi walipewa magari ya Mercedes, lakini mshindi wa tatu hakuwa na gari la kupokea. Riziki ya mkimbiaji ilipatikana katika mikutano ya Ulaya, wiki baada ya wiki, kutoka mji hadi mji, na anayetakiwa na waandaaji ni yule aliye moto sasa hivi. Kijana mwenye ukoo unaomtegemea nyumbani si rahisi akatae mbio.

Tatu ni wingi wa wenzake. Kenya haimsubiri mtu. Anayeumia au kuchoka kwa msimu mmoja hukuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine mwenye miaka 19.

Tazama, kwa kulinganisha, njia ya Gebrselassie. Alizaliwa Aprili 1973, mwaka mmoja baada ya Chelimo. Alitwaa dhahabu mbili za chipukizi mjini Seoul mwaka 1992, kama Chelimo alivyotwaa yake Plovdiv. Mwaka 1995 aliivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 pale pale Hengelo alipong'ara Chelimo. Kisha aliendelea: mataji manne ya dunia ya mita 10,000, dhahabu mbili za Olimpiki, na mwaka 2008, akiwa na miaka 35, rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin. Wawili hao walikuwa rika moja, walitoka nyanda za juu zinazofanana, na walianza na dhahabu inayofanana. Kilichowatenganisha kilikuja baada ya umri wa miaka 21.

Tazama pia mfano wa nyumbani. Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003 akiwa na miaka 18, umri ule ule wa Kirui mjini Stuttgart. Mwaka 2012 alikosa nafasi katika timu ya Olimpiki. Wakati huo angeweza kusahaulika kama wengi waliomtangulia. Badala yake yeye na kocha wake, Patrick Sang, waligeukia marathoni, na dhahabu za Olimpiki za marathoni zikaja Rio mwaka 2016 na katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Sang huyo alikuwa katika timu ile ile ya Barcelona pamoja na Chelimo, na alipata fedha katika kuruka viunzi na maji. Alichoweza kumpa Kipchoge ni kitu ambacho hewa ya nyanda za juu haina: mtu mmoja aliyemjua tangu utotoni, asiyeharakia, aliyekaa naye ushindi ulipokuja na ulipokoma.

Ukoo wa Chelimo wenyewe una ushahidi wa pande zote mbili. Kirui alitwaa taji lake la pili la dunia mwaka 1995 akiwa na miaka 20, na hakupanda tena jukwaani katika mashindano hayo. Kiptanui, aliyeanza kutwaa mataji akikaribia miaka 21, alipata fedha ya Olimpiki mwaka 1996 na fedha ya dunia mwaka 1997. Aliyeanza mapema zaidi ndiye aliyemaliza mapema zaidi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kilichobaki

Mashindano ya dunia ya chipukizi yalipofanyika Kasarani, Nairobi, mwaka 2021, mbio za mita 10,000 ambazo Chelimo alizishinda Plovdiv hazikuwemo tena katika ratiba. Vijana sasa hushindania mita 3,000 na 5,000. Wale ambao wangependa masafa marefu zaidi hulazimika kusubiri, na huenda kusubiri huko ndiko kungemfaa zaidi bingwa wa 1990.

Watoto wa Chesubet bado wanapanda milima kwenda shule. Wale wa Mautuma bado wanajipanga kwenye mstari uliochorwa kwa majivu, mwalimu akiwa ameinua mkono. Miongoni mwao, kila baada ya miaka kadhaa, hutokea mmoja anayewaacha wengine kwa nusu mzunguko, na jioni hiyo hiyo watu wazima huanza kuhesabu medali ambazo hajazishinda. Kabla ya kumtafutia mtoto huyo pasipoti, ingefaa mtu aulize nani atakuwa naye akiwa na miaka 22.

Richard Chelimo alizikimbia mbio zote alizopewa kwa ujasiri, na mara nyingi akiwa mbele, akivuta wengine kwa kasi yake. Dhahabu ya mita 10,000 aliyoikosa Barcelona haijapatikana bado. Hadi Michezo ya Paris mwaka 2024, Mkenya mwanamume pekee aliyewahi kuivaa shingoni baada ya rufaa zote na hesabu zote ni Naftali Temu. Wa pili aliivaa katika ndoto za taifa lake kwa usiku mmoja wa Agosti.